Fundi Anajibu: Diodi ya kinga ipo, mbona bodi bado inaungua?

Barua nyingi za mwezi huu zimegonga mlango mmoja: diodi za kukinga mruko wa volti, zile ambazo dukani ukitaja TVS muuzaji anakuelewa. Kwa asiyezijua, diodi hiyo hufungwa sambamba na saketi, kati ya chanya na hasi, na muda mwingi hukaa kama haipo. Volti zikiruka ghafla kupita kiwango chake, hufunguka papo hapo, mkondo ukapita kwake badala ya kupita kwenye bodi, kisha hujifunga. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Wasomaji wetu wanauliza mbona haiwi hivyo.

*Fundi, habari za kazi. Nafunga vifaa vya kufuatilia bajaji na bodaboda. Ndani kuna moduli ya LM2596 inayoshusha volti 12 kuwa 5. Moduli zinakufa sana, nikashauriwa nifunge P6KE15A kwenye waya wa kuingia. Sasa diodi zenyewe ndizo zinapasuka ndani ya wiki, na fyuzi ya chombo inakatika. Nimeuziwa feki?*
*Fundi wa Mbagala, Dar es Salaam*

Huenda si feki. Iliyokupotosha ni namba, na hauko peke yako.

Kila diodi ya namna hii ina volti za aina tatu. Kuna volti za kukaa kimya, yaani kiwango inachoweza kuvumilia siku nzima bila kupitisha mkondo wa maana. Kuna volti za kufunguka, inapoanza kupitisha. Na kuna volti za kubana, yaani kiwango ambacho bodi yako itakiona kweli mruko mkubwa ukija. Tatizo ni kwamba namba iliyochapwa mgongoni haimaanishi kitu kilekile kwenye kila familia. Kwenye P6KE na 1.5KE, namba ni volti za kufunguka. Kwenye SMAJ, SMBJ, SMCJ na 5KP, namba ni volti za kukaa kimya.

Kwa hiyo P6KE15A yako inafunguka popote kati ya volti 14.3 na 15.8, na kukaa kimya inaweza mpaka 12.8 tu. Betri ya bajaji ikiwa inachajiwa inafika 14.4 na zaidi. Kila injini inapowaka, diodi inachuruzisha umeme na kupata joto, mpaka siku inachoka. Diodi hizi zikifa kwa kuzidiwa, kawaida hufunga shoti, na hapo ndipo fyuzi inapokatika. SMBJ15A, ambayo ukiitazama kwa haraka ungedhani ni ileile, inakaa kimya mpaka 15, inafunguka kati ya 16.7 na 18.5, na ikibeba mkondo wake wote wa ampea 24.6 inabana kwenye 24.4.

Sasa chagua kwa kuanzia pande mbili. Upande wa chini, volti za kukaa kimya zizidi volti za juu kabisa ambazo chombo kinazitoa kikiwa kizima. Upande wa juu, volti za kubana zisifike pale bodi inapofia. LM2596 ya kawaida inafanya kazi mpaka 40 na mwisho wa uvumilivu wake ni 45. SMBJ24A inabana kwenye 38.9, inafaa. Ukitaka yenye miguu mirefu chukua P6KE27A, inayokaa kimya mpaka 23.1 na kubana kwenye 37.5. Kwa bajaji hata ya 15 au 18 ya SMBJ ingetosha, ila ukifunga kwenye Hiace kumbuka kuna mtu atakuja kuistua gari kwa betri mbili zilizounganishwa mfululizo. Diodi ya 15 haitavumilia volti 24.

Ufungaji uende hivi, kutoka kwenye betri: fyuzi ya ampea 1, rezista ya kauri ya omu 10 wati 2, kisha diodi kati ya chanya na hasi, mstari wake ukielekea chanya. Baada yake weka kapasita ya maikrofaradi 470 volti 50, halafu moduli. Ile rezista wengi huiacha kwa kuona inapoteza umeme. Kifaa chako kinakula wastani wa miliampea 100, hivyo itakula volti 1 tu, lakini mruko ukija ndiyo inayoipunguzia diodi mzigo. Bila fyuzi usifunge kabisa, maana diodi ikifunga shoti waya ndio utakaoungua.

Halafu angalia vichwa vya betri. Wati 600 za SMBJ au P6KE ni za pigo la takriban milisekunde 1. Kichwa cha betri kikiachia wakati altaneta inachaji kwa nguvu, kiwango cha kimataifa cha ISO 16750-2 kwa magari ya volti 12 kinahesabu mruko wa volti 79 hadi 101, unaoweza kudumu mpaka milisekunde 400. Hiyo si kazi ya diodi ya ukubwa wa punje ya mchele. Altaneta nyingi za siku hizi zina diodi za ndani zinazoubana mruko huo kwenye 35 hivi, ambazo mpangilio wa hapo juu unazihimili. Bajaji na pikipiki zinategemea regyuleta, na kifaa hicho cha kudhibiti volti kikikosa betri ya kuegemea kinatoa volti za ovyo mfululizo. Kaza vichwa, safisha kutu, ndipo uje kwenye diodi.

Coaster za volti 24 ni habari nyingine: zinachaji mpaka 28.8, hivyo unahitaji SMBJ33A, ambayo inabana kwenye 53.3. LM2596 ya kawaida imeshakufa hapo. Tumia LM2596HV inayofika 60.

*Hujambo mhariri. Nimeunda kidhibiti cha pampu: Arduino (bodi ndogo ya kompyuta) inawasha rilei ya volti 12 kupitia transista BC547, na rilei inawasha kontakta (swichi kubwa ya umeme) ya volti 240. Transista imeungua mara mbili. Nilipobadilisha, sasa Arduino inajianzisha upya kila pampu inapozimwa. Nifunge TVS wapi?*
*Msomaji, Eldoret*

Una mikosi miwili, na kila mmoja una dawa yake.

Koili ya rilei ndogo ya volti 12 ina omu 400 hivi, inakula miliampea 30. Transista ikikata, koili haikubali mkondo usimame ghafla, inarudisha volti kinyume ambazo zinaweza kufika mamia, na BC547 mwisho wake ni 45. Dawa ni diodi ya kawaida, 1N4148 au 1N4007, sambamba na koili, mstari ukielekea chanya. TVS haihitajiki. Ila diodi hiyo peke yake inachelewesha rilei kuachia, na mguso unaoachia polepole unatoa cheche zaidi. Ukitaka iachie haraka, unganisha mfululizo 1N4148 na P6KE15A, mistari yao itazamane, ule mguu wa 1N4148 usio na mstari uende kwenye kolekta, yaani mguu wa transista unaoungana na koili, na P6KE15A iende chanya. Kolekta itaona chini ya volti 30. (Fundi wa Mbagala, zile zilizobaki kwenye droo yako zimepata kazi.)

Arduino inayojianzisha upya ni kelele ya kontakta. Koili yake ni ya umeme wa kupishana, kwa hiyo usithubutu kuifungia diodi ya kawaida wala TVS yenye herufi A peke yake: nusu ya kila mzunguko itakuwa shoti. Herufi CA mwishoni ndiyo inayobana pande zote mbili. P6KE440CA inakaa kimya mpaka volti 376. Kilele cha volti 240 ni 339, na umeme ukipanda asilimia 10 kilele kinafika 373, kwa hiyo inaingia kwa shida lakini inaingia. Usichukue ya 400. Dawa ya bei nafuu zaidi, na ambayo mara nyingi inatosha, ni rezista ya omu 100 nusu wati mfululizo na kapasita ya maikrofaradi 0.1 yenye alama X2 (ya kufungwa kwenye umeme wa ukutani), volti 275 au zaidi. Vyovyote utakavyochagua, funga kwenye skrubu A1 na A2, zile za koili ya kontakta, zenyewe. Ukifunga kwenye bodi yako mita mbili kutoka hapo, waya wote wa katikati utaendelea kurusha kelele. Na usipitishe waya wa kontakta ndani ya bomba moja na nyaya za sensa.

*Umeme wa mtaani kwetu hukatika na kurudi kwa kishindo. TV mbili zimekufa. Je, nikiweka diodi ya TVS ndani ya TV, kwenye njia ya umeme, itapona?*
*Msomaji, Mwanza*

Kwenye njia ya umeme wa ukutani anza na varista, kile kidude cha duara chenye rangi ya bluu au ya machungwa. Inabeba mkondo mkubwa kuliko TVS ya bei ileile, japo inabana kwa ulegevu. Tafuta 14D471K. Namba 14 ni kipenyo kwa milimita. 471 ni 47 na sifuri moja, yaani volti 470, inayofaa kwenye umeme wa kupishana mpaka volti 300. Inafungwa kati ya fezi na nyutro, *baada* ya fyuzi. Ikibeba ampea 50 inabana kwenye 775 hivi. TV nyingi tayari zina varista. Fungua uone kama imepasuka au imekuwa nyeusi, maana varista huchakaa kwa kila pigo. Kabla hujagusa chochote, chomoa waya, kisha toa chaji ya kile kapasita kikubwa cha volti 400 au 450 kwa rezista ya kilo-omu 10 wati 5 na upime kwa mita. Kinaweza kukaa na volti 300 muda mrefu baada ya kuzima.

Lakini kuna aina ya ajali ambayo si varista wala TVS itakayokuokoa. Nyutro ya mtaa ikikatika, nyumba zilizo kwenye fezi mbili tofauti zinajikuta zimeunganishwa mfululizo kwenye volti 400. Nyumba inayotumia umeme kidogo ndiyo inayopata volti nyingi. TV yako inakaa kwenye 300 na kitu, dakika nzima. Varista itafunguka, haitapata nafasi ya kupoa, itawaka moto. Dalili unazijua: taa za kwako zinang'aa kupita kiasi huku za jirani zikififia. Kwa hilo nunua kile kifaa cha kulinda friji au TV chenye rilei ndani, kinachokata volti zikizidi na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha. Varista ya mruko, rilei ya volti zilizozidi kwa muda: viwili pamoja.

Na wakati wa radi, hasa kwenu kandokando ya ziwa, chomoa plagi na waya wa antena. Wengi huchomoa plagi na kuacha antena.

*Sensa ya tangi la maji iko mita 80 kutoka kwenye bodi, kwa waya wa RS-485 (njia ya kutuma data kwa nyaya mbili, A na B). Kila msimu wa mvua chipu ya MAX485 inakufa, upande mmoja au zote mbili. Nimeweka SMBJ12A kwenye kila waya bila mafanikio.*
*Msomaji, Machakos*

SMBJ12A inafunguka baada ya volti 13.3 na kubana kwenye 19.9, wakati miguu A na B ya MAX485 inavumilia kati ya hasi 8 na chanya 12.5. Chipu imekufa kabla diodi haijaanza kazi. Zaidi ya hapo diodi hiyo ni ya upande mmoja, na upande wa hasi inabana chini ya volti 1 au 2, jambo ambalo linaharibu hata mawasiliano ya kawaida, kwa sababu RS-485 inaruhusiwa kushuka mpaka hasi 7.

Tumia SM712, iliyotengenezwa kwa kazi hiyohiyo: inakaa kimya kutoka hasi 7 mpaka chanya 12. Ni kidude cha miguu mitatu, kimoja kinatosha A na B. Lakini peke yake hakitoshi waya wa mita 80 uliotandazwa juani na mvuani. Unahitaji ngazi mbili. Waya unapoingia kwenye kasha, weka mrija wa gesi wa volti 90 wenye miguu mitatu: A, B, na wa katikati kwenye arthi. Kisha rezista ya omu 10 kwenye kila waya. Kisha SM712, sentimita 1 au 2 kutoka kwenye chipu. Mrija unabeba mikondo mikubwa lakini unachelewa kuamka; diodi inaamka mara moja lakini haibebi mengi. Rezista zinasukuma volti zirundikane upande wa mrija mpaka nao uamke. Ukiziondoa, diodi inabana mapema, mrija hauoni volti za kutosha kuwaka, na diodi inakufa ikiwa peke yake.

Waya wa kwenda kwenye fimbo ya arthi uwe mfupi na ulionyooka. Mita 1 ya waya, kwa mkondo unaopanda mpaka ampea 1000 ndani ya maikrosekunde 8, inazaa volti 125 hivi kwa urefu wake tu. Waya mzuri mnene uliozungushwa vizuri ukutani mita 6 ni mapambo. Fanya ngazi hizo mbili kwenye ncha zote, ya bodi na ya tangi. Na kama ncha hizo zina fimbo tofauti, tumia chipu za RS-485 zilizotenganishwa kiumeme ndani, kwa sababu radi ikipiga karibu, ardhi ya tangi na ardhi ya nyumba haziwi na volti sawa.

*Assalaam alaykum fundi. Paneli ya wati 100, kidhibiti chaji, betri na taa za volti 12. Nilipochomoa betri mchana kuisafisha, taa zote zikaungua. Nifunge diodi gani?*
*Msomaji, Pemba*

Waalaykum salaam. Usifunge yoyote kwa sababu hiyo. Ulipoitoa betri, vidhibiti vingi huachia volti za paneli zipite moja kwa moja, na paneli ya "volti 12" isiyo na mzigo inatoa 22 hivi. TVS ingezibana, naam, lakini paneli inasukuma ampea 5 bila kukoma: volti 16 mara ampea 5 ni wati 80, na diodi ya P6KE inaweza kutoa joto la wati 5 kwa mfululizo, tena ikiwa imepozwa vizuri. Fuata utaratibu: kufunga, betri kwanza na paneli mwisho, kufungua, paneli kwanza na betri mwisho. Kama waya kutoka paani ni mrefu, 1.5KE36A kwenye mlango wa paneli wa kidhibiti inafaa kwa miruko ya radi ya mbali. Hiyo inakaa kimya mpaka 30.8.

*Nimefunga SMBJ5.0A kwenye nyaya za data za USB. Flashi haisomeki tena.*
*Mwanafunzi, Kigoma*

Iondoe itasoma. Diodi hiyo ina ukapasita wa nanofaradi kadhaa, unaomeza data. Kwenye nyaya za data weka diodi ya kinga ya USBLC6-2, yenye pikofaradi 3.5 tu, karibu kabisa na tundu. SMBJ5.0A ihamishie kwenye waya wa volti 5.

*Nanunua TVS za mtumba, maandishi yamefutika. Nitapimaje kwa mita ya kawaida?*
*Msomaji, Mombasa*

Kwenye alama ya diodi, ya upande mmoja itasoma 0.5 hadi 0.7 upande mmoja na kutosoma upande wa pili, sawa na diodi yoyote. Ya pande mbili haitasoma popote, kwa hiyo usiitupe ukidhani imekatika. Ikilia pande zote, imefunga shoti.

Kujua volti zake, chukua betri tatu za volti 9 uziunganishe mfululizo, upate 27. Chanya ipitie rezista ya kilo-omu 10, kisha mguu wenye mstari. Mguu wa pili urudi hasi. Pima volti kwenye miguu ya diodi. Mkondo utakuwa karibu miliampea 1, ambao ndio watengenezaji wengi huutumia kupimia volti za kufunguka. Ikisoma 17.8, unayo P6KE18A au SMBJ16A. Ikisoma zote 27, basi ama inafunguka juu zaidi, ongeza betri ya nne na ya tano, ama imekatika. Ya upande mmoja igeuze: ikishuka mpaka 0.7 ni nzima. Ya pande mbili lazima isome karibu sawa ukiigeuza. Tofauti ya volti 3 au 4 kwenye diodi ya 18 ina maana imeshapigwa upande mmoja, usiifunge popote.